Parafujo, Boliti na Visi: Msamiati wa Kulirudishia Lori la Zamani Sura ya Asili Mpakani Bunagana

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa gereji, nalo ni namna ya kulirudishia lori la zamani sura yake ya asili. Tutashughulikia sehemu mbili tu za kazi hiyo. Ya kwanza ni viungio, yaani boliti, nati, skrubu, ribiti na washa. Ya pili ni mapambo ya nje, yaani kanda za kromi, nembo, fremu za taa na herufi za jina la gari. Huenda msomaji akauliza jambo hili linaihusu nini taaluma ya Kiswahili. Jibu letu ni kwamba linaihusu sana, kwa sababu katika kazi hii jina lisilo sahihi huharibu chuma, na pengine huhatarisha maisha ya watu.

Mahali tulipopachagua ni Bunagana. Mji huu uko katika eneo la Rutshuru, mkoa wa Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na umepakana moja kwa moja na Bunagana ya Uganda iliyo katika wilaya ya Kisoro. Barabara inayoanzia bandari ya Mombasa na kupita Nairobi, Kampala, Kabale na Kisoro huvuka mpaka hapo, ikaendelea hadi Rutshuru na Goma. Mji huu umepitia misukosuko mingi. Waasi wa M23 waliuteka Julai 2012, jeshi la serikali likaukomboa Oktoba 2013, kisha waasi hao wakauteka tena Juni 2022. Katika mazingira kama hayo fundi hana hakika kwamba mlango uliofunguliwa leo utakuwa wazi kesho. Akiagiza kipuri kisicho chake, huenda asipate nafasi ya kukirudisha dukani.

Kwa mtaalamu wa lugha, Bunagana ni mahali ambapo mikondo miwili ya maneno ya mkopo inakutana. Kutoka mashariki yamekuja maneno ya ufundi yenye asili ya Kiingereza, na kutoka magharibi yamekuja yenye asili ya Kifaransa. Mikondo yote miwili imeingia katika lugha moja, Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba lori la zamani haliwezi kurudishiwa sura yake kwa usahihi mahali kama hapa mpaka maneno hayo yafasiliwe upya kwa kuzingatia umbo na kipimo cha kitu chenyewe.

2. Maana ya "asili"

Kabla ya kugusa spana, yatupasa kuamua neno "asili" lina maana gani. Katika maduka ya vipuri vya magari neno linalotawala ni "orijino". Hata hivyo, muuzaji akisema kipuri ni orijino, mara nyingi ana maana kwamba si cha kuiga, yaani kimetoka katika kiwanda kinachotambuliwa. Hasemi kwamba kipuri hicho ndicho kilichokuwa katika lori hili siku lilipotoka kiwandani. Boliti mpya kutoka kiwanda bora cha Japani ni orijino kwa maana ya sokoni, lakini si ya asili katika lori la Kiingereza la mwaka 1960.

Kwa hiyo tunapendekeza kutofautisha mambo matatu. Kwanza, kipuri cha asili: kile kilichotoka kiwandani pamoja na lori lenyewe. Pili, kipuri cha jinsi moja: hakikutoka katika lori hili, lakini kilitengenezwa kwa kipimo kilekile na kwa ajili ya aina ileile ya lori, kama vile kile kinachotolewa katika lori lililokufa. Tatu, kipuri cha kufanana: kimetengenezwa baadaye, na macho huona kinalingana na cha zamani. Kutumia aina yoyote kati ya hizi tatu si kosa. Kosa ni kuiita ya tatu kwa jina la kwanza, kwa maana lori la zamani ni ushahidi wa jinsi watu walivyounda na kutumia vyombo vyao, na anayeandika jina la uongo juu ya ushahidi anawapotosha watakaokuja baada yake.

3. Viungio na mifumo yake

Tuchukue mfano wa Bedford ya aina ya TJ. Bedford ilikuwa chapa ya malori ya kampuni ya Vauxhall ya Uingereza, tawi la General Motors. Malori yake ya kwanza yalitoka mwaka 1931, na aina ya TJ ilianza kuundwa mwaka 1958. Kiwanda chake kikubwa cha Dunstable kiliuzwa mwaka 1987. Anayetaka kulitengeneza lori kama hili leo hutegemea zaidi vipuri vilivyobaki katika malori mabovu na katika maduka ya vyuma chakavu.

Katika maduka hayo boliti za mifumo mitatu huchanganyika katika debe moja. Mfumo wa kwanza ni ule uliopendekezwa na Joseph Whitworth nchini Uingereza mwaka 1841, ambao nyuzi za boliti zake zina pembe ya digrii 55. Wa pili ni mfumo wa pamoja ambao Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana juu yake mwaka 1948. Huu hupimwa kwa inchi, na nyuzi zake zina pembe ya digrii 60. Wa tatu ni mfumo wa metriki, nao una pembe ya digrii 60, lakini hupimwa kwa milimita. Lori la Kiingereza lililoundwa baada ya mwaka 1950 huwa na boliti nyingi za mfumo wa pili. Malori ya Kijapani na ya Kijerumani yaliyoenea baadaye katika barabara za Afrika Mashariki na Kongo hutumia mfumo wa tatu.

Hatari iko katika vipimo vinavyokaribiana. Boliti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94. Boliti ya metriki iliyo karibu nayo ina milimita 8. Tofauti hiyo jicho haliioni. Lakini boliti ya inchi 5/16 yenye nyuzi nyembamba ina nyuzi 24 katika kila inchi, ambapo ile ya metriki yenye nyuzi za kawaida ina nyuzi zipatazo 20 katika urefu huohuo. Fundi akivalisha nati ya mfumo mmoja katika boliti ya mfumo mwingine, itaingia mzunguko mmoja au miwili, kisha itakaza. Asiyejua atadhani ni kutu. Ataongeza nguvu, na nyuzi zitaliwa. Kama nyuzi hizo zilikuwa ndani ya injini au fremu ya lori, ameharibu kitu ambacho hakinunuliwi kwa urahisi.

Spana nayo huleta utatanishi wake. Gerejini boliti mara nyingi huitwa kwa namba ya spana inayoifungua: "boliti ya kumi na tatu". Lakini 13 ni upana wa kichwa kwa milimita, na mwili wa boliti hiyo kwa kawaida una kipenyo cha milimita 8. Kichwa cha boliti ya inchi 5/16 kina upana wa nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana namba 13 itakishika kwa ulegevu, na ikivutwa kwa nguvu itazivunja kona zake. Ndiyo maana vichwa vingi vya boliti katika malori ya zamani vimekuwa duara. Kuharibika huko hakutokani na uzee wa chuma peke yake. Kunatokana pia na kuyachukua majina mawili kana kwamba ni moja.

Zipo alama za kumsaidia mchunguzi. Boliti nyingi za Kiingereza za mfumo wa pamoja zina duara lililobonyezwa juu ya kichwa, na nati zake zina viduara vilivyoungana katika ubavu mmoja. Boliti za metriki huwa na namba kama 8.8 au 10.9, ambazo ni alama za nguvu ya chuma na si za ukubwa. Kukosekana kwa alama si uthibitisho wa kitu chochote. Pasipo alama, budi kutumia kipimo cha nyuzi.

4. Majina ya viungio katika Kiswahili cha mashariki na cha magharibi

Neno la zamani katika kamusi zetu ni "parafujo", lililotokana na Kireno. Pamoja nalo kuna "hesi", ambalo kamusi huliweka karibu na parafujo. Maneno haya ni mazuri na yana historia ndefu katika pwani, lakini yalizaliwa katika zama za vyombo vya bahari, milango na makasha. Hayatenganishi kinachofunguliwa kwa bisibisi na kinachofunguliwa kwa spana. Mafundi walipoanza kufanya kazi za magari walichukua "skrubu", "boliti", "nati", "washa" na "ribiti". Maneno haya yaliingia kwa sababu fundi alihitaji kutenganisha vitu ambavyo neno moja lilikuwa limeviunganisha, wala hatuoni sababu ya kuuita mkopo huo uvivu.

Upande wa Goma, fundi aliyejifunza kazi katika mazingira ya Kifaransa huanzia na vis, boulon, écrou, rondelle na clé, akayapa matamshi ya Kiswahili: visi, bulo, ekru, rondeli, kle. Kwa haraka mtu anaweza kuandika orodha ya visawe: visi ni skrubu, bulo ni boliti, ekru ni nati, rondeli ni washa, kle ni spana. Orodha hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake si kamili.

Katika Kifaransa cha ufundi, vis ni kitu chochote chenye nyuzi kinachokazwa kwa kuzungushwa ndani ya tundu lenye nyuzi, hata kama kichwa chake kina pande sita na hufunguliwa kwa spana. Boulon ni kitu hicho pamoja na nati yake. Kwa fundi wa upande wa Kisoro, kinachogawa majina ni kichwa: cha bisibisi ni skrubu, cha spana ni boliti. Kwa fundi wa upande wa Goma aliyefuata mafunzo ya Kifaransa, kinachogawa majina ni uwepo wa nati. Basi kitu kimoja, tuseme boliti inayoshika bampa kwa kuingia moja kwa moja katika fremu, ni boliti kwa wa kwanza na ni visi kwa wa pili. Mtu akitumwa kutoka Bunagana kununua "visi nane za bampa" upande wa pili, na mwenye duka akatafsiri visi kuwa skrubu, atarudi na skrubu nane za bisibisi. Hakuna aliyesema uongo katika safari hiyo, na kazi imekwama.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Nchini Uganda magari hupita kushoto, na usukani huwa kulia. Nchini Kongo magari hupita kulia, na usukani wa magari yaliyokusudiwa huko huwa kushoto. Bunagana ndipo dereva hubadilisha upande wa barabara. Kwa hiyo usemi "ukanda wa kromi wa upande wa dereva" una maana mbili zinazopingana, kutegemea lori limetoka wapi. Mlango, fremu ya taa na ukanda wa kushoto haviwezi kuwekwa kulia, kwa sababu vimepinda kinyume. Mafundi wawili wanaweza kukubaliana kwa kila neno na wakakosana katika kitu. Dawa ni kuacha kabisa kumtaja dereva, na kusema "kulia" au "kushoto" kwa mtu aliyekaa ndani ya gari akitazama mbele.

5. Utaratibu wa kazi

Kazi yenyewe huanza kabla ya kufungua boliti ya kwanza. Kila upande wa lori hupigwa picha, na mahali pa kila pambo huchorwa. Boliti zilizoshikwa na kutu hulowekwa kwa mafuta mepesi usiku kucha, hata zaidi ya mara moja, kabla ya kujaribiwa. Kila kundi linalofunguliwa huwekwa katika mkebe wake wenye maandishi. Kumwaga boliti zote katika debe moja ni kupoteza habari ambayo hakuna kitabu kitakachoirudisha.

Baada ya kusafisha, kila kiungio huchunguzwa kama mwanaisimu achunguzavyo neno: umbo lake, mahali pake na jamaa zake. Umbo la kichwa hutoa habari za wakati. Skrubu za kichwa cha nyota zilianza kutumika katika magari ya Marekani katika miaka ya 1930, baada ya uvumbuzi ulioendelezwa na Henry Phillips, ambapo za kichwa bapa ni za zamani zaidi na ziliendelea kutumika sana. Ikiwa fremu ya taa ya kushoto ina skrubu tatu za bapa na moja ya nyota, yaelekea hiyo moja ni mgeni. Hata hivyo, mgeni asifukuzwe kabla ya kutazama fremu ya kulia, maana kiwanda chenyewe huweza kuwa kilichanganya.

Kuhusu rangi ya chuma, mwanzo wa upotovu ni kupenda mng'aro. Viungio vingi vya zamani vilipakwa zinki au kadimiamu, na vilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia. Boliti mpya zenye mng'aro wa buluu au wa manjano huonekana mara moja kuwa za juzi. Ni bora kusafisha na kurudisha za zamani pale zinapofaa, au kuchovya mpya katika zinki isiyong'arishwa. Hapa pana tahadhari mbili. Vumbi na moshi wa kadimiamu ni sumu, hivyo boliti za zamani zenye mpako huo zisichomwe moto wala kusuguliwa kwa mashine pasipo kinga. Aidha, boliti ngumu za kubeba uzito zisilowekwe katika tindikali ili kuondoa kutu, kwa sababu haidrojeni huingia katika chuma na kuifanya boliti ikatike ghafla baadaye.

Mapambo yana masharti yake. Kromi haipakwi juu ya kutu. Chini yake kwa kawaida kuna nikeli, na chini ya nikeli chuma lazima kiwe laini na safi, kwani kila kasoro itaonekana. Ukanda wa alumini haupaswi kufungwa moja kwa moja kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu bila kitenganishi. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, moja huliwa, na hapa italiwa alumini. Katika eneo la Goma hali huwa mbaya zaidi, kwa maana gesi za volkano za Virunga huitia mvua tindikali, na metali zilizo wazi huchakaa mapema. Washa ya plastiki au ya mpira, iliyofichwa nyuma ya pambo, haiondoi sura ya asili bali huilinda.

6. Pale ambapo sura si hoja

Kuna sehemu za lori ambazo hazifai kuhukumiwa kwa macho: breki, usukani, springi na magurudumu. Hapo boliti ya asili iliyochoka ni mbaya kuliko boliti mpya isiyofanana. Anayetaka sura na usalama kwa pamoja atafute boliti mpya yenye kipenyo, nyuzi na nguvu zilezile, kisha aifanye rangi yake ilingane na ya zamani. Asifanye kinyume cha hayo.

Magurudumu yanastahili neno la pekee. Katika malori mengi ya zamani ya Kiingereza nati za magurudumu ya kushoto zina nyuzi za kinyume, nazo hukazwa kwa kuzungushwa upande ambao nati nyingine hufunguliwa. Fundi asiyeambiwa atadhani anafungua, kumbe anakaza mpaka boliti ikatike. Kiswahili hakikosi maneno ya kumwonya. Kinachokosekana ni desturi ya kuyaandika. "Nyuzi za kushoto" ni maneno matatu tu, na yakichapwa kwa rangi juu ya fremu karibu na gurudumu yatamfaa dereva wa leo na wa baadaye.

7. Mapendekezo na hitimisho

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, na tangu hapo msamiati wa sayansi umeshughulikiwa kwa bidii. Lakini msamiati wa gereji umechukuliwa zaidi kutoka mashariki. Tunatoa mapendekezo matatu kwa wanafunzi na walimu wanaotafuta mada za utafiti.

Kwanza, maneno ya Kiswahili cha Kongo kama visi, bulo na ekru yakusanywe kwa maana zake yenyewe, si kwa kuyawekea kisawe cha mashariki na kuondoka. Pili, fasili za viungio zitaje mambo manne: umbo la kichwa, kinachokifungua, kama kina nati au hakina, na mfumo wa nyuzi zake. Neno "parafujo" libaki kuwa jina la jumla la jamii nzima ya vitu hivi, kazi ambayo linaiweza vizuri. Tatu, mafundi washirikishwe tangu mwanzo, kwa kuwa ndio wanaolipa gharama ya neno bovu.

Kwa mwenye lori, pendekezo letu ni dogo. Kila mkebe na kila agizo liandikwe kwa utaratibu mmoja: jina la mahali, kulia au kushoto, kichwa, kipenyo, nyuzi, na idadi. Kwa mfano: "Bampa ya mbele, kushoto, kichwa cha pande sita, inchi 5/16, nyuzi 24 kwa inchi, bila nati, nne." Agizo hilo litaeleweka Kisoro na litaeleweka Goma, hata kama mmoja ataziita boliti na mwingine visi. Hakuna atakayelazimika kuacha neno lake, na nyuzi zilizokatwa kiwandani miaka sitini iliyopita zitapokea boliti inayozistahili.